Nostalgia ni nini hasa, na lilitoka wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kutafsiri, Kiingereza kwenda Kiswahili, na kwa miaka yote niliyofanya kazi hii hakuna neno ninaloulizwa kama hili. Wanafunzi wananiuliza, watafsiri wenzangu wananiuliza, mama mdogo naye alinipigia simu siku moja kwamba kalisikia kwenye TV anataka kujua ndo nini hicho. Basi nimeona majibu niyaweke sehemu moja. Sijayapanga kwa mtindo wowote, mengine nimejibu kwa kifupi na mengine nimeenda mbali kwa sababu yamenikaa sana rohoni.

Kwa kifupi kabisa, nostalgia maana yake nini?

Ni ile hamu inayokushika ukikumbuka kitu kilichopita, mahali au watu au kipindi fulani cha maisha, halafu utamu na uchungu vinakuja kwa pamoja huwezi kuvitenganisha. Unasikia ule mlio wa ngoma ya RTD, redio ya taifa ya Tanzania enzi zile, kabla ya taarifa ya habari, mara moja uko sebuleni kwa baba, redio ya mbao juu ya kabati, hakuna kuongea mpaka taarifa iishe. Unatabasamu na koo limekaba. Hiyo ndo yenyewe.

Sasa muhimu hapa, lazima kiwe kitu ulichowahi kuwa nacho (au unachokihesabu kuwa ni chako, nitalifikia hilo mwishoni). Kutaka gari usilowahi kumiliki hiyo siyo nostalgia.

Ni neno la Kigiriki cha kale, si ndiyo?

Hapana, na mimi mwenyewe niliamini hivyo miaka mingi tu. Vipande vyake ndo vya Kigiriki, nostos ni kurudi nyumbani na algos ni maumivu, lakini Wagiriki wa kale hawakuwahi kuviunganisha. Nostos utaikuta kwa mshairi wao Homer kwenye utenzi wa Odyssey, yule shujaa Odysseus anapigana vita Troy miaka 10 halafu anahangaika miaka 10 mingine kurudi kwao Ithaca, na saba kati ya hiyo amekwama kisiwani kwa Calypso, mwanamke mzuri asiyezeeka wala kufa, kula ipo, kulala kupo, na bado kila siku mwanaume anaenda kukaa ufukweni anaangalia bahari analia. Hisia ipo kabisa. Neno ndo halikuwepo.

Aliyelitengeneza ni kijana wa miaka 19 anaitwa Johannes Hofer, alikuwa anasomea udaktari chuo kikuu cha Basel, Uswisi, na mwaka 1688 akaandika tasnifu yake kwa Kilatini kuhusu ugonjwa ambao watu wa kawaida kule waliuita kwa Kijerumani Heimweh, yaani maumivu ya nyumbani. Enzi zile ugonjwa usio na jina la Kilatini au Kigiriki madaktari walikuwa hawauhesabu, kwa hiyo Hofer akachukua neno la mama zake jikoni akalivalisha Kigiriki ili likubalike chuoni. Alikuwa na majina mengine mkononi pia, nosomania na philopatridomania, hayo hayakushika.

Mimi hili linanigusa sana, kwamba chini ya hilo neno la kitaalamu kuna neno la mtaani la watu waliokuwa wanaumwa kweli.

Ina maana ulikuwa ugonjwa kabisa, na watu wakafa?

Ugonjwa kamili wenye dalili zake. Usingizi hakuna, chakula hakipandi, moyo unaenda mbio, homa, mwili unaisha, na kichwani kuna wazo moja tu linazunguka, kwetu, kwetu, kwetu. Hofer anaeleza kijana mmoja wa Bern aliyekuwa anasoma Basel, na Bern mpaka Basel ni kama kilomita 100 tu, Dar mpaka Chalinze hivi, akaumwa mpaka wakamkatia tamaa. Wakaamua wamrudishe kwao. Alipoambiwa tu kwamba safari ipo akaanza kupumua vizuri, na hawajafika Bern ameshapona.

Mwingine ni binti wa shamba, alianguka akaumia akalazwa hospitali, akazinduka amezungukwa na watu asiowajua. Akakataa chakula, akakataa dawa, kila akiulizwa kitu jibu ni lilelile, nataka nyumbani. Wazazi wakamchukua hivyohivyo mgonjwa, na siku chache tu akiwa kwao akawa mzima bila dawa yoyote.

Ukisoma hivi usishangae, mtu yeyote aliyesoma shule ya bweni ameuona ugonjwa huu kwa macho. Form one wiki ya kwanza, usiku taa zimezimwa, unasikia mtu analia chini ya blanketi na hakuna anayemcheka kwa sababu karibu wote wanalia.

Kuhusu kufa, kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, 1861 mpaka 1865, madaktari wa jeshi la Kaskazini waliandika zaidi ya wagonjwa 5,000 wa nostalgia, na makumi ya vifo waliviandika kwa jina hilohilo. Daktari wa leo akizipitia rekodi zile bila shaka ataona humo homa ya matumbo, kuhara, utapiamlo na sonona. Lakini mimi siamini kwamba wale madaktari walikuwa wanaota tu. Kijana wa miaka 18 katolewa shambani kwao hajawahi kulala nje ya kijiji, analazwa kwenye hema la tope anasikiliza wenzake wanakufa, akiacha kula huyo anakufa na maradhi ambayo mwenzake mwenye moyo angeyapita.

Kwa nini ilianzia kwa Waswisi?

Kwa sababu Uswisi ya wakati huo ilikuwa nchi ya milima na umaskini, na vijana wake walikuwa wanauzwa nje kama askari wa kulipwa, hasa kwa mfalme wa Ufaransa. Wametoka milimani kwenye ng'ombe na hewa ya baridi wanapelekwa tambarare miaka na miaka. Kulikuwa na wimbo wa wachunga ng'ombe wa kule, Kuhreihen, na mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau kwenye kamusi yake ya muziki ya mwaka 1768 ameandika kwamba ilikatazwa kuupiga mbele ya vikosi vya Waswisi na adhabu yake ni kifo, maana waliousikia walikuwa wanabubujikwa machozi, wanatoroka jeshini au wanakufa. Halafu akasema kitu ambacho naona ni kizuri kuliko hadithi yenyewe, kwamba siri haiko kwenye muziki, wimbo ukiupiga kwa mgeni hausikii chochote cha ajabu, nguvu yake ni kwamba kwa Mswisi ni alama ya kumbukumbu.

Kulikuwa na nadharia nyingine pia, daktari mmoja wa Zürich, Johann Jakob Scheuchzer, yeye alisema tatizo ni uzito wa hewa, watu wa milimani wakishuka chini hewa inawakandamiza. Siyo kweli ila nawaelewa, walikuwa wanatafuta sababu ya kitu kisichoonekana.

Na Kiingereza kililipata vipi?

Kupitia madaktari, karne ya 18. Mfano ninaoupenda ni wa Joseph Banks, mtaalamu wa mimea aliyekuwa kwenye meli ya Endeavour na Kapteni James Cook. Mwaka 1770, wameshazunguka miaka miwili, akaandika kwenye shajara yake kwamba mabaharia wengi hali zao ni mbaya kwa hamu ya nyumbani, hamu ambayo madaktari wamefikia hatua ya kuihesabu kuwa ni ugonjwa kwa jina la nostalgia. Unaona bado alikuwa analitaja kwa umbali kidogo, kama neno la watu wa hospitali.

Karne hiyohiyo Kiingereza kikatafsiri Heimweh moja kwa moja kikapata homesickness. Kwa hiyo haya maneno mawili ni mtu na ndugu yake, yametoka kwa mama mmoja, moja limepelekwa chuo kikuu na lingine limebaki kijijini. Baadaye yakagawana kazi, homesick likabaki na mahali, nostalgia likachukua wakati.

Lilihamaje kutoka kwenye mahali likaenda kwenye wakati?

Hili ndo swali lenyewe jamani. Kama ungeniruhusu nijibu moja tu ningechagua hili.

Sababu za nje zipo. Reli zikajengwa, barua zikawa zinafika, mtu akaweza kurudi kwao. Madaktari nao wakaja kugundua vijidudu vya maradhi, karne ya 19 inavyoisha nostalgia ikawa inaondoka taratibu kwenye vitabu vya tiba, na karne ya 20 watu wakabaki nayo kama jina la hisia tu.

Lakini kuna mtu aliliona hili mapema mno, mwanafalsafa wa Kijerumani Immanuel Kant, mwaka 1798. Aliandika kuhusu haohao Waswisi wenye hamu ya kwao, kwamba wakirudi wanavunjika moyo, wanaona kila kitu kule kimebadilika, kumbe kinachowasumbua ni kwamba ujana wao ndo hauwezi kurudi pale. Nimelisoma hilo mara nyingi na kila mara nanyamaza kidogo.

Kwa sababu yamenikuta. Nilikaa Leicester, Uingereza, miaka tisa, na miaka yote hiyo kilichokuwa kinaniijia usiku ni nyumba ya bibi Ngamiani, Tanga, ile baraza ya saruji nyekundu, mkungu uani, kungu zinadondoka usiku juu ya bati unashtuka unageuka unalala tena. Nikasema nikirudi tu nitakuwa sawa. Nikarudi. Nyumba nimeikuta, mkungu umekatwa wameweka simtank, mbele kuna kibanda cha kutolea pesa, na binamu zangu wamenipokea kwa mapenzi yote, wamenipikia mpaka nikashindwa kumaliza. Nikakaa pale barazani jioni nzima na ile hamu iko vilevile, haijapungua hata chembe, na sasa ni mbaya zaidi kwa sababu nilipokuwa Leicester angalau nilikuwa na pa kuielekeza, nilikuwa najua ni saa ngapi za ndege. Pale barazani nikajua kwamba nilichokuwa nakitaka ni ile jioni ambayo bibi yuko kwenye mbuzi anakuna nazi na mimi naitwa niende dukani na kibuyu cha mafuta ya taa, na hakuna basi la kwenda huko.

Yule kijana wa Bern alipona njiani. Ya kwake ilikuwa hamu ya mahali, ilikuwa na nauli. Neno limebaki lilelile toka 1688 ila ugonjwa uliomo ndani yake umebadilishwa, wa zamani ulikuwa unatibika.

Kiswahili chake ni kipi sasa? Hamu? Shauku? Simanzi?

Yote yanagusa na hakuna linalolala juu yake sawasawa. Hamu tumeitoa kwenye Kiarabu, hamm, ambayo kule ni jambo linalokukaa moyoni likakutaabisha, kwa hiyo mizizi yake inafaa kabisa, shida ni kwamba kwetu imeshatawanyika, una hamu ya mtu na una hamu ya chipsi. Shauku nayo ni Kiarabu, shawq, nzuri sana, lakini imeelekea mbele, mtu ana shauku ya kujua, shauku ya kufika, haigeuzi shingo nyuma. Simanzi ni huzuni yenyewe, utamu haumo. Wahakiki wa fasihi wanaandika nostaljia, siwapingi, na kwenye tafsiri wengi wanaweka hamu ya zamani, mimi pia naiweka nikiwa sina nafasi.

Ila nikupe ninachoamini. Neno letu la hisia hii ni kitenzi, ni kukumbuka. Mama akikupigia simu akasema mwanangu nimekukumbuka, hamaanishi kwamba alikuwa amekusahau ndo leo jina lako limemrudia. Anamaanisha umekosekana machoni pake na anaumia. Sisi tumeweka kumbukumbu na hamu kwenye neno moja toka zamani, tena bila kulipitisha kwa daktari yeyote, na hiyo ndo nostalgia yenyewe, kumbukumbu inayouma.

Halafu angalia sarufi inavyofanya. Nimemkumbuka, mtu. Nimezikumbuka, nyimbo au siku. Nimepakumbuka, mahali. Hiyo pa ni kitu cha thamani, Kiingereza mahali na kikombe vyote ni it, sisi mahali pana kiambishi chake, kwa hiyo mtu aliyeko Muscat au Minnesota akisema tu "nimepakumbuka" bila kutaja jina la mji, kila aliyekaa pale anajua anazungumzia kwao na hakuna anayemuuliza wapi.

Na kwa upande wa wakati tuna zilipendwa. Tumezizoea tunadhani ni jina la vipindi vya redio tu, lakini lisikilize kama mara ya kwanza, nyimbo ambazo zilipendwa, hazijaambiwa za zamani, zimeambiwa kuna watu walizipenda. Kenya wanasema zilizopendwa. Hakuna lugha ninayoijua mimi iliyoziita nyimbo zake za zamani kwa namna hii na naionea fahari.

Vipi kuhusu "nimekumiss"? Ni kuharibu lugha?

Mimi siyo polisi wa lugha. Nimekumiss imeshaota mizizi, imevaa ni na me na ku kama kitenzi chetu chochote. Ila kama unataka la kwetu, nimekukumbuka lipo, na Mombasa utasikia nimekupeza, hilo ni tamu sana na nasikitika Bara halijafika sawasawa.

Kuna tofauti gani kati ya nostalgia, longing, yearning, missing na homesick?

Nostalgia na homesick nimeshayasema. Longing limetoka Kiingereza cha kale, kitenzi langian, ambacho ni ndugu wa long la urefu. Kilikuwa na maana ya kurefuka na pia kutamani, na zamani walisema kama vile "kunanirefukia", yaani muda unavutika, siku haiishi. Anayengoja mtu anajua. Unaweza kuwa na longing ya kitu kilichopita au ambacho bado hakijaja au ambacho hakitakuja kamwe, ni neno pana.

Yearn ni kali zaidi na la kivitabu kidogo, limetokana na giernan la kale, na lina undugu na gern la Kijerumani, kwa furaha au kwa kupenda. Kwa hilo ndo ningetumia shauku bila wasiwasi.

Miss linafurahisha. Mwanzo wake ni kukosa shabaha, umerusha mshale haujapiga, baadaye likawa kuona kwamba kitu hakipo mahali pake, na mwisho kuumia kwamba hakipo. Kukosa la kwetu limeenda nusu ya njia hiyohiyo, unakosa goli, unakosa hela, lakini likageukia upande mwingine, ukimwambia mtu nimekukosa anaelewa ulienda kwake hukumkuta, au umemkosea unaomba radhi. Kwa hiyo usitafsiri I miss you kwa kukosa, nimewahi kuona imefanyika na ilileta maneno nyumbani kwa watu.

Kuna mtu wa huku kwetu ambaye maisha yake yanaonyesha neno hili?

Sayyida Salme, binti wa Sultan Said wa Zanzibar, aliyezaliwa 1844 kwenye jumba la Mtoni. Alipendana na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akapata mimba, mwaka 1866 akatoroka Zanzibar kwa meli mpaka Aden, akabatizwa akaitwa Emily, wakaoana 1867 wakaenda kuishi Hamburg. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu na yeye akabaki na watoto watatu wadogo kwenye baridi, kwenye lugha ya watu, na kaka zake huku hawataki hata kumsikia.

Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka Ujerumani 1886, na kimejaa kila kitu, vyakula, mabafu, sikukuu, ugomvi wa wake wa baba, punda, minazi, ameandika kama mtu anayehesabu vitu vya nyumba iliyoungua. Alirudi Zanzibar 1885 na tena 1888, na Mtoni alikozaliwa alikuta jumba limeanguka limekuwa magofu. Sasa fikiria hilo ukiwa na lile la Kant kichwani. Amekufa Jena mwaka 1924, kaburi lake liko makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, na inasimuliwa kwamba alikuwa ametunza kifuko cha mchanga wa ufukwe wa Zanzibar miaka yote hiyo, akazikwa nacho.

Alikuwa anaishi ndani ya lugha ya Kijerumani yenyewe, ile yenye Heimweh. Kwenye Stone Town ukipita jumba la makumbusho la Beit al-Sahel kuna chumba chake, kikiwa wazi ingia ukae kidogo.

Wareno walikaa pwani yetu miaka mingi, mbona hatukuchukua saudade yao?

Swali zuri sana hili. Saudade linatokana na Kilatini, solitas, upweke, na Wareno wanaliona ni roho ya lugha yao. Vasco da Gama alifika 1498, ngome yao ya Fort Jesus, Mombasa, ilianza kujengwa 1593, na tumebaki na meza, leso, gereza, karata. Vitu vya kushika na vya kufungia watu. Nadhani saudade haikuwa na sababu ya kushuka melini, mtu hafundishwi hamu na aliyekuja na mizinga, na aliyekuwa anapakumbuka Lisbon usiku pale ngomeni alikuwa anawaambia wenzake kwa lugha yao.

Ina madhara kiafya?

Siku hizi watafiti wengi wanaona ina faida. Wanasaikolojia wa chuo kikuu cha Southampton, Constantine Sedikides na Tim Wildschut, wamelifanyia kazi suala hili toka miaka ya 2000, na wamekuta mara nyingi inakuja mtu akiwa mpweke au moyo umeshuka, na baada ya kukumbuka anajisikia ana watu. Ila kama kukumbuka kunakufanya usile, usilale, usifanye kazi, wiki zinapita, hapo ongea na daktari au mtu unayemwamini, inaweza ikawa sonona.

Kwa nini harufu na wimbo vinashtua kuliko picha?

Njia ya harufu kwenye ubongo iko karibu sana na sehemu zinazohifadhi hisia na kumbukumbu, haizunguki kama ya macho. Ndo maana udi, au vumbi likipigwa na mvua ya kwanza, linakupeleka kabla hujajua unapelekwa wapi. Na nyimbo, watu wazima wanakumbuka zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30 ya umri wao, na hicho ndo kipindi ambacho muziki ulikuwa kila mahali tulipokuwa.

Mbona watu wanatamani mpaka enzi za dhiki?

Wanatamani kweli. Kaa na watu wa rika la wazazi wangu uwasikilize wakieleza mwanzoni mwa miaka ya 80 baada ya vita ya Kagera, foleni ya sukari, foleni ya sabuni, ule unga wa njano ulioitwa yanga, na wanaeleza macho yanang'aa. Hakuna anayetaka yanga irudi. Wanakumbuka kwamba jirani alikuwa anagonga usiku anasema sabuni imekuja duka la ushirika amka twende, na kwamba kilichopatikana kiligawanywa.

Msomi mmoja aliyezaliwa Leningrad, Svetlana Boym, mwaka 2001 aliigawa nostalgia mara mbili, kuna ya kutaka kuijenga upya nyumba ya zamani kama ilivyokuwa, na kuna ya kukaa na ile hamu yenyewe bila kulazimisha chochote kirudi. Ya kwanza naiogopa. Mwanasiasa akisema anaturudisha enzi nzuri, mimi namuuliza zilikuwa nzuri kwa nani, maana kwenye foleni ileile kuna waliokuwa wanarudi mikono mitupu.

Linatamkwaje na nalitumiaje kwenye sentensi?

No-STAL-ja, nguvu iko katikati, na g inasikika kama j. Ni nomino, huwezi ku-nostalgia mtu. Kivumishi ni nostalgic. Kwa mtu uliye naye mbali leo tumia miss, kwa kwenu tumia homesick, kwa kilichopita ndo useme nostalgia.

Mwanangu amezaliwa Ulaya na anasema ana nostalgia ya Tanga, mji ambao hajawahi kuishi. Inawezekana?

Inawezekana, na usimcheke. Nimewaona hata Muscat, vijana wa familia zilizohamia huko kutoka Zanzibar, Kiswahili wamekipata kwa bibi zao, wanaweza kukuchorea mtaa wa Malindi nyumba kwa nyumba na hawajawahi kukanyaga. Kumbukumbu siyo yao lakini wamelelewa ndani yake, imepikwa kila Ijumaa imewekwa mezani.

Wa kwangu ana miaka saba, tulikuwa tunakula wali juzi akaniuliza zile kungu zilikuwa zinadondoka saa ngapi. Nikamwambia usiku, zaidi kukiwa na upepo wa kusi. Akasema, "Baba, nimepakumbuka."